Pikapu Isiyojua Kona

Jumatatu, 8 Aprili

Aibu! Nimevutwa kwa kamba mbele ya watu wazima.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nampelekea binti yetu, ambaye ni mkunga, mashuka ya zahanati iliyo juu ya kilima. Mwanzoni tu mwa mwinuko, pikapu ikagoma. Nikavuta wenzo wa fo-wili, ule wa kuendesha magurudumu yote manne. Gia ikaingia, nikaisikia kwa masikio yangu. Magurudumu ya nyuma yakarusha matope hadi kwenye paa la kinyozi. Ya mbele yakatulia kama wageni wasiojua pa kuweka sahani.

Akatokea nani? Shemeji! Kaka yake Mama Watoto, karani mstaafu, na pikapu yake mpya inayoingia fo-wili kwa kubonyeza kitufe. Kitufe! Kama kengele ya mlangoni. Akafunga kamba, akanivuta, hakuchafua hata soksi. Kisha akanifariji kwa sauti iliyomfikia kila mtu: eti nisijali, Shemeji, magurudumu manne si hoja, hata kitanda cha hospitali kinayo.

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao kwa adabu. Moyoni nafuka moshi.

Nyumbani mabaya zaidi. Mama Watoto huiita pikapu mke mwenzake, maana ndiyo ninayoamka nikiitaja na kulala nikiitaja. Leo amekata hukumu. Jumamosi kitanda kipya cha kujifungulia kinatakiwa kufika zahanati. Mke mwenza akikipandisha kwa nguvu zake mwenyewe, atabaki uani kwetu hadi kifo kitutenganishe. Akivutwa tena, anaondoka Jumapili na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nikamwambia kwamba, kisayansi, tatizo ni dogo sana. Akaniuliza kisayansi ni lini.

Jumanne, 9 Aprili

Maajabu! Maajabu matupu!

Asubuhi nzima nimelala chini ya pikapu. Nilifundisha fizikia hadi kustaafu, na kumbe nilikuwa nimekalia mwalimu mkubwa kuliko mimi. Nieleze, ingawa hapa najieleza mwenyewe. Injini huzalisha nguvu. Giaboksi huipokea. Nyuma ya giaboksi kuna sanduku jingine dogo, na ukivuta wenzo, sanduku hilo huipeleka nguvu njia mbili: shafti moja kwa magurudumu ya nyuma, nyingine kwa ya mbele. Hadi hapo pikapu yangu haina kosa.

Lakini katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitasa cha duara, mafundi hukiita habu. Kina alama mbili, huru na funga. Kikiwa huru, gurudumu halishikani na ekseli, ule mhimili unaolizungusha. Unaweza kuvuta wenzo mpaka ukomae mkono, gurudumu la mbele halina habari. Lazima ushuke ukizungushe kitasa kwa vidole.

Vitasa hivyo nimeving'arisha kila Jumapili tangu ninunue gari. Nilidhani ni mapambo.

Nikainua mbele kwa jeki. Nikavifunga vyote viwili. Nikazungusha tairi kwa mkono. Lo! Shafti ikageuka chini ya sakafu, polepole, kama mnyama mkubwa anayejigeuza usingizini. Nililia kidogo. Mafuta yaliniingia jicho, lakini si mafuta peke yake.

Mama Watoto akaleta chai, akauliza kama sasa imepona. Nikamwambia imepona kabisa. Akasema alhamdulillahi, basi niache hapo hapo nioge. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu akishajua kusoma haachi shule. Imepona, sasa inaweza kuboreshwa.

Akabaki anaitazama chai. Kisha akainywa mwenyewe.

Jumatano, 10 Aprili

Kwa fundi wa kuchomelea. Jina lake la kuzaliwa hakuna anayelikumbuka, tunamwita Cheche. Nikamweleza kuhusu difu.

Difu ni lile tumbo la duara katikati ya ekseli. Kazi yake ni upole. Mimi na Mama Watoto tukitembea bega kwa bega, tukapinda kona, aliye upande wa nje ana safari ndefu kuliko wa ndani. Lazima mmoja aharakishe na mwingine asubiri. Difu ndiyo inayoruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yasubiriane. Bila hiyo yangeburuzana. Ni chombo cha ndoa.

Lakini kina udhaifu wake. Difu hugawa nguvu sawa kwa sawa. Gurudumu moja likikanyaga matope na kukosa cha kushika, lenzake nalo hupewa kiasi kile kile cha yule asiye na kitu, yaani hakuna. Usawa wa kufa njaa pamoja!

Tukafungua ya nyuma. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Vigia vidogo vikikumbatiana ndani ya mafuta, kimoja kikienda mbele, kingine kikirudi, bila ugomvi, kwa miaka yote hiyo gizani. Nilivua kofia.

Kisha nikamwambia Cheche avichomelee vyote viwe kitu kimoja.

Macho yake yakang'aa. Akaniambia, Mwalimu, hii ikishashikana hairudi, maji yakimwagika hayazoleki. Nikamjibu kwamba hata mimi nikishaamua sirudi. Akasema basi tumekutana. Akashusha miwani yake myeusi.

Alhamisi, 11 Aprili

Majaribio mjini. Matokeo: ya kutia moyo.

Ikienda moja kwa moja, ni mfalme. Kwenye kona ina msimamo. Ukikata usukani inakusikiliza, inafikiri, kisha inaendelea na safari yake. Nilikusudia kupinda kulia kwenda duka la rangi. Nikafika posta. Nikaona nisiharibu safari, nikanunua stempu.

Kurudi nikajaribu tena. Matairi ya nyuma yakapiga mayowe hadi watu wakatoka madukani. Bila difu, kumbuka, hayawezi tena kusubiriana: moja lazima liburuzwe, na linalalamika. Mwanamke mmoja akamvuta mwenzake pembeni, akasema mpishe yule mzee, ndiyo kwanza anajifunza kuendesha. Kujifunza! Mimi!

Shemeji alikuwa kwa kinyozi, nusu ya ndevu imenyolewa. Akatoka na povu lake, akauliza kama usukani nimeuuza au nimeuazimisha. Nilikuwa tayari nimeshampita, na kupunguza mwendo ili kugeuka si jambo la kuamua ghafla.

Nimewaza sana. Barabara ya kilimani haina lami. Kwenye matope, tairi linaloburuzwa litateleza bila kelele. Fizikia iko upande wangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Kitanda kimefika. Kizito, kizuri, kina miguu ya chuma na mikanda. Nimekifunga kwa kamba nyuma ya pikapu, na mafundo yangu nimeyakagua mara nyingi kuliko nilivyokagua mitihani.

Binti yangu amepiga simu. Kitanda cha zamani kimevunjika mguu mmoja na wanakitegemeza kwa matofali. Kuna mama anayetarajia wakati wowote. Akaniomba, baba, kama huna hakika mpe Mjomba. Mpe Mjomba! Nikamwambia alale salama. Baadaye nilikaa kitini nikijiuliza kama nina hakika. Ninayo.

Mnunuzi wa vyuma chakavu amepita, kwa bahati tu, eti. Akalipapasa boneti kama mtu anayechagua mbuzi. Nikamfukuza.

Mama Watoto ametangaza kwamba kesho atakaa mbele pamoja nami awe shahidi. Shemeji atafuata nyuma na kamba yake. Asafishe tu kamba, haitatumika.

Jumamosi, 13 Aprili

Niandike taratibu.

Mvua ya usiku imeacha kilima kama sabuni. Chini ya mwinuko nilishuka garini, nikafunga habu, kulia na kushoto, watu wakitazama. Nikavuta wenzo hadi gia ile ndogo ya nguvu, ambayo kwayo gari hutembea kama kobe lakini husukuma kama tembo. Nikamweleza Mama Watoto maana yake. Akasema nitazame mbele.

Tukaingia matopeni. Ee jamani! Magurudumu yote manne yakauma ardhi kwa pamoja. Hakuna kurusha, hakuna kuyumba. Injini ikanguruma kwa sauti ya chini na dunia ikaanza kuteremka pembeni yetu. Tulipita mahali nilipoaibika Jumatatu kana kwamba ni sebuleni. Kinyozi alipiga makofi. Mama Watoto alinigusa bega, na hajanigusa bega ndani ya gari tangu binti yetu alipokuwa tumboni.

Kisha ikaja kona.

Akasema, Baba Watoto, kona. Nikasema nimeiona. Akasema, basi kata. Nikasema nimekata. Na kweli nilikuwa nimekata! Usukani ulikuwa umefika mwisho, magurudumu ya mbele yanatazama kushoto kama watoto watiifu. Lakini yale ya nyuma, yaliyounganishwa na moto wa Cheche, yalikuwa na neno moja tu, mbele, na yakatusukuma mbele.

Tukaiacha barabara. Tukaingia nyasi.

Hapo nilikuwa abiria ndani ya gari langu mwenyewe. Kilima kilisimama mbele ya kioo kama ukuta. Niliona mbingu, kisha boneti, kisha mbingu. Mama Watoto alianza kuomba dua, akachanganya na majina ya wajomba zangu. Na pikapu ikapanda! Ikapanda pasipo na njia, ikikanyaga mizizi, ikibomoa kichuguu, polepole, bila hasira, bila kuniuliza chochote. Nimesoma vitabu vingi. Nimetazama mwezi kwa darubini. Sijawahi kuona nguvu iliyotulia namna ile. Mwili ulinisisimka hadi kwenye nyayo.

Tukatokea juu kwenye bustani ya zahanati, kati ya mistari miwili ya nguo zilizoanikwa, mlango wa wodi mbele yetu kabisa. Kona zote tulikuwa tumeziruka.

Binti yangu alisimama na beseni mkononi, mdomo wazi. Kitanda hakikuwa na mkwaruzo. Mafundo yangu!

Muda mrefu baadaye Shemeji akafika kwa barabara, na kitufe chake. Akashuka. Akatazama alama za matairi zinazoshuka kilima moja kwa moja kama mstari wa rula. Akavua kofia. Akauliza kwa sauti nyembamba, Shemeji, umepitia wapi?

Ningeishia hapo. Lakini nikaona si adabu kuacha gari limekaa upande kati ya nguo, nikalisogeza hadi uwanja wa zahanati, ambao ni wa saruji. Saruji kavu, chini ya upenu wa wodi. Nikakata usukani niigeuze ikae vizuri. Matairi yakapiga mayowe. Magurudumu ya nyuma yalitaka kusubiriana, hayakuweza. Pang! Ekseli ikakatika. Gurudumu moja likalala upande kama mtu aliyesikia bei.

Mama Watoto akaanza ile methali ya asiyesikia la mkuu. Nikamwomba asiimalizie hapo kwenye guu.

Jumapili, 14 Aprili

Tulirudi jana kwa gari la Shemeji. Sikuvutwa. Nilipewa lifti. Ni mambo mawili tofauti, nimemweleza Mama Watoto.

Leo mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja na mizani na mkokoteni. Mama Watoto akamwonyesha dirishani: ile pale, juu, inayong'aa. Akaitazama kwa muda mrefu. Akasema chuma ni kizuri, tena kizito, ila yeye hununua vitu vilivyo chini. Akaondoka na sufuria bovu.

Kwa hiyo mke mwenza amebaki! Nikamkumbusha Mama Watoto masharti yake: apande kwa nguvu zake mwenyewe. Amepanda. Akakiri, ni mtu wa haki. Akasema ni kweli, ulisema atapanda. Hukusema atashuka.

Binti amepiga simu. Mtoto wa kike amezaliwa alfajiri juu ya kitanda kipya, mzima, ana sauti kubwa. Yeye na Mama Watoto wakaongea kwa furaha. Kisha akataka kuongea na mimi. Akashukuru. Akauliza nitaiondoa lini pikapu uwanjani, maana akina mama wanaosubiri zamu wamehamia nyuma ya pikapu na hawataki tena benchi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimetafakari. Mtu mzima hukubali kosa, na kosa nimeliona.

Tulichomelea difu moja tu. Gari likawa na akili mbili, mbele laini na nyuma kali, lazima zingegombana. Dawa yake ni nyepesi. Cheche atapanda kilimani na mashine yake, abadilishe ekseli, kisha achomelee na ya mbele. Nimemweleza. Amesema hajawahi kuona jambo kama hilo. Akaanza kufungasha waya papo hapo.

Mama Watoto hajui bado. Namtayarishia maelezo.

Jioni Shemeji amekuja. Hakuketi. Amezunguka uani pale panapokaa pikapu, patupu, akigusa doa la mafuta kwa ncha ya kiatu. Akakohoa. Akatazama kama dada yake yuko karibu. Kisha akaniuliza kwa kunong'ona kama hizi za kitufe nazo huchomeleka.

Nikamshika bega, kwa upole wa mwalimu. Nikamwambia, Shemeji, hakuna kisichochomeleka.