Saa Ambayo Sikuiiba

Jumapili, 4 Juni 1972

Pasta Lazarus ametuagiza tununue daftari. Kila jioni mtu ajichunguze moyo, aandike, akue kiroho. Nimenunua lenye jalada gumu. La Kilonzo ni jembamba. Nimejichunguza: moyo safi.

Jumapili ijayo tunachagua mzee mpya wa kanisa hapa mtaani Jamhuri. Nafasi ni moja. Tunaotajwa ni wawili: mimi Zedekiah, niliyeokoka tangu utoto, na huyo Kilonzo, karani mwenzangu ofisini, aliyeokoka juzijuzi tu. Leo katoa ushuhuda tena. Alivyokuwa mlevi, alivyolala mtaroni Uthiru na kiatu kimoja, amekumbatia mbuzi akidhani ni mkewe. Watu wakalia! Haleluya mpaka mabati yakatetemeka. Kisha nikasimama mimi. Nikaungama kwamba nilimnunia mke wangu kwa sababu ya chai isiyo na sukari. Mtu akapiga miayo. Alikuwa Selpher, mke wangu mwenyewe!

Hapa sifichi kitu. Namwonea Kilonzo wivu. Si suti yake, si redio yake. Dhambi zake! Mwenzangu ana mtaro mzima, mimi nina chai. Hii ni haki kweli?

Jumatano, 7 Juni

Ushirika wa jioni ulikuwa kwa Kilonzo. Hata githeri ya mkewe, mahindi na maharagwe yale yale, ni tamu kuliko yetu. Nikaona ni leo au basi. Nikasimama, nikashika kichwa, nikasema mimi ni mwizi. Nikasema ile saa ya ukutani iliyopotea ofisini mwaka juzi niliiba mimi. Kupotea ilipotea kweli, ila nani aliyeiba sijui. Nilichagua hiyo kwa sababu mkubwa wetu, Bwana Mungai, alishatundika nyingine na hakuna aliyeuliza tena.

Lo, vigelegele! Akina mama walinikumbatia. Mzee mmoja alilia kwenye koti langu mpaka likalowa. Kilonzo naye machozi yalimtoka. Utamu wake siwezi kuueleza.

Kisha Kilonzo akauliza saa iko wapi. Nikasema iko salama. Akasema basi Ijumaa ndugu wote watanisindikiza kuirudisha, maana aliyeungama asirudishe hajatubu. Amina, wakaitikia wote. Desturi hiyo naijua sana. Mwaka jana mimi mwenyewe nilimsindikiza mtu kurudisha kuku! Nilisahauje?

Alhamisi, 8 Juni

Nimezunguka maduka ya Ngara mpaka nikapata saa kuukuu, ya mbao, ya mviringo kama ile. Muuzaji aliapa ni nzima. Kufika nyumbani ilikuwa imeshasimama.

Selpher akauliza hii nayo ni ya nini. Nikamwambia ndiyo ile niliyoiba. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, Baba Caren, wewe unaogopa hata kuchukua kiberiti cha jirani, nenda ukaseme ukweli, njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba mke mwema hamkatizi mumewe akitubu.

Moyo safi.

Ijumaa, 9 Juni

Ndugu kumi na tisa! Walipanda ngazi za ofisi wakiimba, makarani wakaacha taipu. Kilonzo mbele, kaibeba saa kwa mikono miwili kama sadaka. Ati ananisaidia mzigo. Hata toba yangu kaibeba yeye!

Nikapiga magoti mbele ya Bwana Mungai, nikasema ni mimi. Nilitarajia anikaripie, au anisamehe, vyovyote vile watu waone. Yeye jasho lilimtiririka. Akaitazama saa mikononi mwa Kilonzo, akanitazama mimi, akaitazama tena. Ndugu wakaanza pambio lingine. Mara Bwana Mungai, mtu mzima na tai yake, akaanguka magotini kando yangu analia. Akasema hawezi tena. Ile saa ya kampuni aliichukua yeye mwenyewe, iko sebuleni kwake mpaka leo, na kila ikigonga hana usingizi.

Haleluya yake ilisikika mpaka barabarani. Wote wakamkimbilia, mimi nikabaki pale magotini kama kiti. Halafu Kilonzo akaitazama ile saa aliyoshika, akaniuliza kwa upole: basi hii ni ya nani, ndugu yangu?

Jumapili, 11 Juni

Bwana Mungai katoa ushuhuda. Kaja na saa yenyewe! Watu walilia kuushinda ule mtaro. Kilonzo kachaguliwa mzee wa kanisa, mikono yote juu, na wa Selpher juu zaidi. Mimi nimepewa benchi la nyuma miezi mitatu, nijichunguze kwa uwongo wangu.

Kisha Kilonzo akasema naye ana la kuungama. Tangu tujuane amenionea wivu mimi! Ati mimi nimeishi miaka yote bila kuanguka, dhambi yangu kubwa ni chai, na watoto wangu hukimbia kunilaki jioni. Watoto wake yeye walikuwa wakijificha chini ya kitanda wakisikia hatua zake. Akaja mpaka benchi la nyuma, akanikumbatia mbele ya watu. Kwa kweli kidogo nilie.

Halafu nikazisikia zile haleluya. Zilikuwa zake zote! Kwa wivu! Wivu ambao ni wangu, nimeulea mwenyewe, nimeulisha mwenyewe, leo yeye ndiye anashangiliwa kwa ajili yake!

Nimejichunguza vya kutosha. Kosa langu nimeliona: nilimwibia mtu aliye hai. Miezi mitatu ikiisha nitaungama nilimwibia marehemu mjomba wangu ng'ombe. Marehemu hana ofisi ya kusindikizwa.

Moyo safi.