Msindikizaji Mmoja Tu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekasirika. Naandika kwa kalamu nyekundu makusudi.

Jana kikao cha familia. Jambo moja tu: mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee, ana miezi minane na siku kadhaa, ajifungulie wapi. Mkwe mwenzangu, mama yake mzazi, tunamwita Madamu kwa sababu alifundisha shule miaka thelathini na hajaacha, alishaamua kabla sijakaa. Hospitali ya vioo. Ile mpya, yenye mlango unaofunguka wenyewe bila kukuuliza umetoka wapi. Fomu ameshajaza. Kwenye chumba cha kujifungulia anaingia msindikizaji mmoja tu. Mmoja! Na ameandikwa nani? Madamu.

Nikauliza hospitali ya zamani ina kasoro gani. Mwanangu nilimzalia pale, wodi ya wazazi, kitanda cha tatu, dirishani, na hana kasoro yoyote ila kumsikiliza mama mkwe wake. Madamu akatoa lile tabasamu la kusahihisha madaftari. Akasema zama zimebadilika, mkwe. Mwanangu akatazama kucha zake.

Atakayempokea mjukuu wangu wa kwanza ni mimi. Mikono hii. Nimeshapanga. Nafungua faili kule hospitali ya zamani kimyakimya, jina langu kwenye nafasi ya msindikizaji. Uchungu ukianza, mwanangu yuko kazini, Madamu yuko kwake, nyumbani nani? Mimi. Dereva wa teksi atapokea amri yangu. Nina darasa la nne tu, lakini akili sikuisomea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango umeteleza kama sabuni. Umeteleza kupita kiasi.

Kadi ya kliniki niliitoa kwenye mkoba wa mkamwana akiwa anaoga. Hospitali ya zamani iko vilevile: korido ndefu, sakafu inang'aa, dawa ya kusafishia inawasha pua. Kilichonishangaza ni ukimya. Wodi ya wazazi, na hakuna mtoto hata mmoja anayelia. Nikasema vizuri, hapa watoto wana adabu.

Karani wa mapokezi hakuinua kichwa. Akasema faili halifunguliwi kwa kadi peke yake, mwenye mimba lazima awepo. Nikasema yupo. Yuko wapi? Mwisho wa korido kulikuwa na benchi, na juu yake mwanamke mmoja, gauni la kijani, ametupa mgongo. Nikanyoosha kidole. Yule pale.

Nilidhani ataangalia tu, aandike. Akamwita! Akasoma jina la mkamwana wangu kwa sauti, majina yote matatu. Nikakaza meno, nikajua nimeumbuka. Yule mwanamke akainuka. Polepole, kama mtu aliyekaa muda mrefu mpaka magoti yamesahau kazi yake. Alipopita mbele yangu akasema shikamoo mama. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Akaingia kupimwa. Kilo hamsini na nane. Wakaniandika mimi msindikizaji. Kadi ikabaki ndani ya faili, ndio utaratibu wao.

Nilipogeuka nimshukuru alikuwa ameshakaa tena, mgongo kwangu. Sura yake siikumbuki. Nimejaribu tangu nifike nyumbani. Gauni nalikumbuka, sauti naikumbuka. Sura, hapana. Uzee huu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nyumba nzima imepinduliwa, inatafutwa kadi. Nimesaidia kutafuta. Nimetafuta kuliko wote, mpaka nyuma ya kabati, nikatoka na utando wa buibui kichwani. Nikamkaripia mkamwana kwamba hana mahali maalumu pa kuweka vitu vyake. Akaomba radhi, maskini.

Madamu akampeleka kliniki kule kwenye vioo bila kadi, maana wao kila kitu wamekiweka kwenye kompyuta. Wamerudi nyuso zimebadilika. Mkamwana amepungua kilo mbili. Juzi Jumatatu sabini na moja, leo sitini na tisa. Mtoto naye ametulia mno, na huyu mtoto hana tabia ya kutulia. Hupiga mateke mawili ya haraka, hunyamaza, halafu moja. Mama yake huniita niweke kiganja, nami huweka, huku najifanya sijali. Leo nimeweka. Teke moja tu, la mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

Nikasema mizani ya kwenye vioo ni mbovu. Kwa mara ya kwanza Madamu hakunijibu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwenda kuchukua kadi kabla haijanitia aibu. Karani akalifungua faili anionyeshe jinsi mgonjwa wetu anavyoendelea vizuri. Jumatano amepimwa, hamsini na tisa. Jana, sitini. Akanipongeza. Nikatazama zile tarakimu. Kilo mbili zilizopotea nyumbani kwetu zimeandikwa pale, kwa wino wa bluu.

Nikaomba kadi. Akasema haitoki faili likiwa wazi.

Mama wa usafi alikuwa anapiga deki koridoni. Mtu mwenye maneno, nikampenda hapohapo. Nikamuuliza yule wa kijani ni nani. Akasema hajui, alimkuta benchini siku aliyoajiriwa, na sasa ana miaka kumi na mmoja kazini. Hana ndugu anayemjia, na hapa usipokuwa na msindikizaji huitwi.

"Mimi humzunguka tu na dekio langu, bibi," akasema.

Nikamuuliza, miaka kumi na mmoja ana mimba? Akacheka mpaka akaegemea fimbo ya deki. Mimba gani? Yule alikuwa mwembamba kama fito mpaka juzi Jumanne, nilipokuja mimi.

Nikageuka kutazama benchi. Lile gauni limetuna mbele.

Nilitaka kuondoka. Miguu ikaenda kwake, labda kwa ujeuri tu, ndivyo ilivyozoea. Akanichukua mkono akaulaza tumboni mwake. Vidole vyake baridi kama chuma cha kitanda.

"Mama, leo amecheza."

Mateke mawili ya haraka. Kimya. Moja.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kituo cha basi nilikipita bila kukiona.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Gauni la mkamwana linapwaya. Anakula, namsimamia mwenyewe, sahani inaisha, na bado tumbo linarudi ndani kama la mtu anayefunga. Mwanangu ameomba ruhusa kazini. Akaniuliza jikoni, mama, wewe umezaa, hii ni kawaida? Nikasema kawaida kabisa. Nimesema uongo mwingi maishani. Huu niliusema nimegeukia jiko.

Kuwaambia siwezi. Madamu atanisimanga mpaka nife, kisha aje mazikoni amalizie. Nimebuni njia ya heshima. Barua. Nimeiandika mwenyewe, mistari minne: Kwa karani. Mgonjwa amehamia mbali sana, msihangaike naye. Fungeni faili. Wenu, msindikizaji.

Nimeisoma mara tatu. Nzuri. Hata Madamu asingepata pa kuweka kalamu yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Karani amesoma barua, akaikunja, akanirudishia. Akasema mgonjwa hajahama, yuko wodini, amelazwa tangu asubuhi. Na faili hapa hufungwa kwa njia mbili. Ama mama ajifungue. Ama aliyemleta amkane kwa mdomo wake, mbele yake na mbele ya karani, aseme alidanganya.

Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akasema anaona.

Nikasema nitafikiria. Nimerudi nyumbani, nimefikiria. Niseme nilidanganya, mbele ya karani asiyeinua hata kichwa! Marehemu mume wangu aliishi nami miaka ishirini na sita akingoja nikiri kosa moja tu. Alikufa anangoja. Leo nimpe karani alichokikosa mume?

Labda kilo zitarudi zenyewe. Mkamwana amelala tangu mchana, amegeukia ukutani. Kwa mgongo tu nimeshtuka. Nilidhani ni yule wa benchini.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Uchungu umeanza watu wako kwenye chai ya asubuhi. Teksi ikaja. Dereva akauliza wapi. Wote wakanitazama, maana mimi ndiye niliyewahi kiti cha mbele. Nafasi niliyoitafuta wiki nzima hiyo hapo, mdomoni mwangu.

Nikasema kwenye vioo.

Madamu akatukuta mlangoni, akaingia na binti yake. Mimi na mwanangu tukabaki kwenye viti vya plastiki. Saa nne Madamu akatoka, miwani mkononi. Akasema wanatafuta mapigo ya moyo ya mtoto na hawayapati. Wamebadilisha mashine. Daktari ameita daktari. Wakipapasa tumbo ni kama ndani hamna mtu. Kisha akanishika mkono. Madamu, mkono wangu! Hapo ndipo nilipoogopa.

Sikuaga. Teksi ilikuwa bado ipo, dereva anabishana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha. Nikapanda.

Wodi ya zamani, kitanda cha tatu, dirishani. Kati ya vitanda vyote, amelazwa hicho. Tumbo limepanda, shuka limekaza. Akanishika kidole, akatabasamu, nadhani, maana sura yake haikai machoni, ukiitazama inateleza. Akasema alijua nitakuja. Akasema wenzake wote humu hawajawahi kujiwa na mtu. Nikatazama. Vitanda vingine vyote vilikuwa vitupu, vimetandikwa, na kila mto una shimo dogo katikati, la kichwa.

Karani alisimama upande wa miguu na faili lake. Leo aliinua kichwa. Afadhali asingeinua.

Njiani nilikuwa na maneno mengi, yamepangwa vizuri. Yakakimbia yote.

"Mwanangu, wewe si wa kwetu," nikasema. "Nilikuonyesha kidole tu. Nilidanganya."

Akatazama tumbo lake. Akanitazama mimi.

"Lakini mama, niliitwa."

Karani akasema nirudie, hajamaliza kuandika. Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana alikuwa bado amenishika kidole, na alikiachia mwenyewe, taratibu, kabla sijamaliza sentensi.

Muhuri ukagonga. Shuka likashuka kidogokidogo, kama unga ulioumuka ukisukumwa kwa ngumi, mpaka likalala. Hakulia. Akateremka, akatandika kitanda vizuri kuliko mkamwana wangu anavyotandika, akasema asante kwa zile siku, mama. Akatoka kwenda kukaa benchini. Saa ya ukutani: saa tano kasorobo.

Karani akanipa kadi. Kilo alizoandika hazimo tena kwenye faili. Karatasi nyeupe, kama haijaguswa.

Nafika kwenye vioo, Madamu anatoka na mtoto mikononi. Msichana. Anasema wote walikuwa wameshakata tamaa, mara saa tano kasorobo moyo ukagonga kama ngoma na mtoto akatoka analia, daktari mwenyewe akakaa chini. Mkamwana mzima, anaomba uji. Aliyempokea ni Madamu. Mikono yake, si yangu.

Akaniwekea mtoto kifuani. Nikamwambia shingo anaishika vibaya.

Baadaye nilikwenda nyuma ya jenereta nikalia mpaka nikachoka. Hilo halimhusu mtu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Wageni sebuleni tangu asubuhi, na Madamu anasimulia alivyompokea mtoto. Kila akisimulia anaongeza. Mara ya kwanza daktari alimsaidia. Sasa yeye ndiye amemsaidia daktari. Mimi nimekaa na mjukuu wangu, nahesabu mateke yake. Mawili, kimya, moja. Ukweli naujua mwenyewe: bila mimi mtoto huyu asingetoka. Siku moja watanishukuru, ingawa sijui nitawaambiaje.

Kadi imepatikana. Nimeiona mimi, nyuma ya kabati. Mkamwana alinishukuru sana.

Halafu binti mdogo wa Madamu, naye ana mimba, miezi minne, akasema hajaamua atajifungulia wapi. Madamu akadakia: kwenye vioo, fomu nitajaza mimi. Sebule imejaa watu, na hakuna aliyegeuza shingo kuniuliza. Najua yule si mkamwana wangu. Si damu yangu, hainihusu ndewe wala sikio. Lakini Madamu apokee wawili mfululizo?

Mkoba wa binti ulikuwa kwenye kochi, wazi kabisa. Sasa kadi yake iko chini ya godoro langu.

Kesho naondoka mapema. Nimekaa nikalichambua kosa langu la kwanza, nimelipata: sikuongea na yule wa kijani. Mwenye mimba hana haja ya kusumbuliwa kuja. Wa kukaa benchini ninaye, hana mtu, na hufurahi sana akiitwa. Safari hii nitamwonya mapema asinenepe.