Kuku Kumi na Watano wa Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi 2025

Habari kubwa! Nimetoka ukumbini sasa hivi. Kuna mradi unaitwa Simama Mwenyewe. Utachagua kikundi kimoja tu hapa mtaa wa Ziwani na kukipa vifaa vya kazi. Si mkopo. Vya bure! Masharti ni mawili: wanachama wasiopungua kumi, na biashara iwe tayari inaendelea. Afisa wao, Bwana Mutie, atakuja Ijumaa kuiona kwa macho yake.

Wanachama nitawapata kanisani. Biashara sina. Hilo ni jambo dogo.

Nimejaza fomu papo hapo. Kikundi cha Kuku wa Mayai Ziwani. Mwenyekiti: Griffins Kweyu, yaani mimi. Tumeomba mashine ya kuangua vifaranga. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Odera, fundi wa vitanda. Alichungulia fomu yangu akauliza kama hao kuku nawaficha chini ya kitanda. Foleni nzima ikacheka. Naye ana kikundi. Cha vitanda, bila shaka. Mtu asiye na mawazo mapya!

Jumanne, 4 Machi

Nasambu, mke wangu, hakucheka. Alisema tangu kiwanda kinifute kazi amevumilia miradi yangu ya sungura, sabuni ya maji na uyoga. Uyoga uliota kweli, ila ukutani. Akasema, Baba Elsie, huu ni wa mwisho. Mradi ukianguka, Jumatatu asubuhi unaenda sokoni Gikomba kumbebea Odera mbao. Ameshaongea naye! Nyuma ya mgongo wangu!

Mimi, mwenye tai tatu, nibebe mbao za Odera? Haiwezekani kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umekamilika. Nimepata akina mama kumi na watano, Nasambu akiwemo shingo upande. Kila mmoja ataniazima kuku mmoja kwa siku moja. Nasambu atampata wake kwa jirani. Bwana Mutie ataona, ataandika, ataondoka. Kisha kila kuku arudi kwao.

Mweka hazina nimemteua Senge Nakhumicha, dada ya baba yangu. Anakaa mtaa wa Huruma lakini husali nasi, na akiongea watu hukaa wima. Yeye ndiye aliyewazungukia wenzake akiwaambia mgeni mkubwa anakuja kwa mtoto wa kaka yake. Hakunibishia hata neno moja. Mara ya kwanza maishani!

Alhamisi, 6 Machi

Kuku wamefika. Kumi na watano kamili. Tatizo: majogoo kumi na wanne, tetea mmoja. Hakuna mama mwenye akili anayeazimisha kuku anayetaga.

Nimenunua trei ya mayai dukani nikayapanga kwenye nyasi. Majogoo wawili wakapigana juu yake. Nimenunua trei ya pili. Kizimba nimekijenga mwenyewe kwa mlango wa zamani na wavu wa dirishani. Nasambu akauliza mbu tutawazuia na nini. Nilikuwa nakariri hotuba.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike yote kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi nilimpokea Bwana Mutie barabarani. Odera alikuwa amepanga vitanda vipya kando ya njia, vinang'aa. Kwa hiyo nikamzungusha mgeni nyuma ya mtaa, asivione. Nikampitisha kanisani, kisha zahanati, kisha ukuta mrefu wa shule. Kila ukuta nilimpa historia yake. Saa mbili nzima! Nilijiona mjanja sana.

Tukaingia uani. Kizimba kitupu. Manyoya kila mahali. Sufuria sita motoni!

Nikamvuta Senge pembeni nikamuuliza kwa heshima amefanya nini. Akanishangaa. Mgeni aje kwetu, aketi, aondoke bila kuchinjiwa kuku? Tumwoneshe kuku wazima halafu tumpe chai kavu? Tangu lini watu wetu wakawa hivyo? Alianza na jogoo wake. Mama wa pili hakutaka kuonekana mchoyo. Wa tatu akaogopa kusemwa. Ikaenda hivyo hadi wa kumi na nne. Tetea alikuwa amerukia juu ya paa.

Machozi yalinitoka. Nikasingizia moshi. Tayari nilisikia uzito wa mbao begani.

Bwana Mutie akakalishwa, akapewa firigisi, ambayo kwetu ni heshima ya mwenye nyumba. Firigisi yangu! Akala yote. Akaongezwa paja. Harufu ikavuka ua, na mafundi wa mjengo wa jirani wakaingia wakiuliza sahani ni pesa ngapi. Nikafungua mdomo niwafukuze. Nasambu akaniwahi. Akataja bei, akaanza kupakua ugali kama mtu aliyezaliwa hotelini. Foleni ikafika langoni. Wa saba alikuwa Odera, ameviacha vitanda vyake peke yake.

Bwana Mutie akapangusa vidole, akauliza kuku wa mayai wako wapi. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nasambu akamweleza ukweli mtupu: kuku wa kuazima, mayai ya dukani. Kisha akamwambia, sharti lenu lilikuwa biashara iwe inaendelea. Basi hii hapa inaendelea, na wateja ni hao. Bwana Mutie aliandika muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi

TUMESHINDA! Karatasi imebandikwa ukumbini. Kikundi cha Mapishi Ziwani, ndilo jina letu jipya: jiko kubwa la gesi, sufuria, meza na mwavuli. Akina mama walipiga vigelegele mpaka askari wa ukumbini akatoka mbio. Nasambu alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Sijamwona hivyo miaka miwili. Moyo wangu ulijaa.

Mauzo ya Ijumaa yamemrudishia kila mama kuku wake. Mwenyekiti mpya ni Nasambu, kura kumi na tano kwa moja. Hiyo moja nilijipigia.

Mimi napeleka chakula kwa mafundi Gikomba. Nimemfahamisha Odera kwamba yote yalikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Akasema, "Poa, chairman. Ongeza mchuzi." Nilimwongezea. Mshindi hana kinyongo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita ukumbini tena. Mradi mwingine! Huu ni wa mbuzi wa maziwa. Maafisa wanakuja Jumanne kukagua zizi. Fomu nimejaza. Mwenyekiti: Griffins Kweyu.

Mbuzi sina, lakini Senge anajua watu. Nimempitia jioni nikamweleza mpango mzima. Hakubisha. Aliuliza tu wageni watakuwa wangapi. Nikamwambia watatu. Akafikiri kidogo, akasema basi mbuzi mmoja atatosha.

Nimefurahi mno. Mimi nilidhani tungelazimika kuazima sita.