Kadi Imekataa, Shemeji Anatazama

Jumatatu, 4 Machi

Kadi ya mkopo imefika! Ya buluu, jina langu limechomoza kwa herufi za kung'aa. Nimelipapasa kwa kidole kutwa nzima. Hatimaye na mimi ni mtu.

Imekuja wakati wake. Mama mkwe anatoka hospitali Jumapili. Nyonga imetengenezwa, na daktari ameagiza alalie godoro gumu juu ya kitanda kirefu. Kile chetu cha wageni ni kifupi na kimebonyea katikati kama beseni. Shemeji, kaka wa mke wangu, amekwisha kutangaza kwamba Mama atapelekwa kwake. Shemeji huyu tunamwita Meneja, kwa sababu aliwahi kukaimu umeneja wa kituo cha mafuta wakati mwenyewe akiwa likizo. Alisema kwake kuna vitanda. Alilitamka neno "vitanda" kama mtu anayemiliki hospitali.

Mke wangu alikuwa akikunja nguo za mama yake, na blauzi moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Anamtaka mama yake hapa. Nilimwona, nikaumia. Nikajikuta nimesimama na kuahidi kwamba kitanda na godoro nanunua mimi, na ikifika Jumamosi jioni havipo, basi Mama aende kwa Meneja nami nisifungue mdomo. Meneja alisema amesikia. Nadhani na majirani walisikia.

Sina wasiwasi. Kazi yangu ni kuchonga funguo, wezi nawajua. Benki waliponipa yale maswali ya siri ya kulinda kadi, nilijibu yote kwa uongo. Mwizi anaweza kuchunguza akajua shule niliyosoma. Hawezi kuchunguza akajua shule ambayo sikusoma!

Jumanne, 5 Machi

Ufunguo mpya hapewi mteja kabla haujajaribiwa. Kadi ni vilevile. Asubuhi nimefunga kibanda nikaanza kuzunguka mtaa nikiijaribu. Duka la kwanza, kiberiti. La pili, kipande cha sabuni. La tatu, sindano. Duka la dawa, plasta. Kote mashine imelia vizuri na risiti ikatoka. Mwenye duka la kiberiti aliniuliza kama nyumbani kwetu sarafu zimekwisha kabisa. Wivu huo.

Mchana, simu. Namba siijui. Binti mwenye sauti ya upole. Eti anatoka benki, wameona manunuzi madogo madogo yaliyofuatana haraka, je, ni mimi niliyenunua kiberiti? Nilicheka mpaka mteja wangu akashtuka. Nikamwambia binti amepiga kwa mtu siye, na kwamba angali kijana, atafute kazi ya halali. Akasema ananielewa, lakini nisipothibitisha itabidi... Nikakata. Akapiga tena. Nikaizuia namba.

Jioni nimemsimulia mke wangu kwa kirefu. Akauliza, na kama kweli alikuwa wa benki? Nimemwomba mambo ya usalama aniachie mimi.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya.

Nimekwenda duka la samani. Meneja akajialika, eti ana pikapu, atasaidia kubeba. Nilichagua kitanda cha mninga na godoro ambalo ukilipiga ngumi mkono ndio unaoumia. Nikatoa kadi polepole ili Meneja aione vizuri.

Imekataa! Msichana wa kaunta alilisema hilo kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma kwenye makabati waliisikia. Nikaifuta kwenye shati. Imekataa. Nikaipuliza. Imekataa. Nikasema mashine ni mbovu. Akaipitisha kadi ya mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, anayenunua stuli. Imekubali, na yule mama akanipa pole.

Meneja hakucheka. Afadhali angecheka. Alinishika bega akaniambia shemeji, mambo haya huwapata watu wote, kisha akapiga simu kwake waanze kufagia chumba cha Mama.

Nimemwambia mke wangu kwamba rangi ya kitanda haikunipendeza. Akanitazama. Mke wangu akiwa na furaha huniita "mume wangu", akiwa hana huniita "wewe bwana". Leo ameniita wewe bwana mara nyingi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepiga namba iliyo nyuma ya kadi. Kinanda. Wimbo ukiisha unaanza upya. Hatimaye ikapokelewa, na sauti ikawa ya upole.

Niliijua. Nayo ilinijua. Aliuliza kama mimi ndiye yule bwana wa kiberiti. Kisha akaniarifu, kwa adabu zote, kwamba bado yuko kwenye kazi ileile.

Akanieleza. Wezi wa kadi huanza na vitu vidogo, hapa na pale, kuona kama kadi inafanya kazi, ndipo waende kwenye kitu kikubwa. Kwa hiyo nimefanya kazi ya mwizi hatua kwa hatua bila kufundishwa na mtu. Nimeona haya, na fahari kidogo.

Alisema ataifungua kadi papo hapo nikijibu maswali yangu ya siri. Shule ya kwanza? Nikakohoa. Nikataja ile iliyo jirani na kibanda changu. Siyo. Mnyama wa kwanza kumfuga? Mbuzi, nikasema. Akasema wanataka jina lake, si aina yake. Nikambatiza mbuzi jina. Siyo. Alipofika kwenye jina la utani la rafiki wa utotoni, nikakiri kwamba majibu yote niliyotoa yalikuwa ya uongo, kwa ajili ya usalama. Kisha akauliza, kama vile anamuuliza mtoto, kwamba je, mwenyewe siukumbuki uongo wangu?

Imebaki nafasi moja. Nikikosea, niende tawini na kitambulisho, na uhakiki utakula wiki ijayo yote. Dawati lao la simu hufungwa Jumamosi adhuhuri. Mama anakuja Jumapili!

Ijumaa, 8 Machi

Nimekaa kwenye kiti kilekile nilichojazia fomu. Kalamu ileile. Hata shati lile nimelitoa kwenye nguo chafu nikalivaa. Hakuna kitu. Kichwani mna kutu.

Meneja amepita. Amemnunulia Mama kengele ya kuweka pembeni mwa kitanda, akihitaji kitu ailize. Ameiliza mbele yetu ili tuisikie.

Alipoondoka, mke wangu alikaa chini. Akasema kwa kaka yake Mama hatakosa kitu, ila atakuwa mgeni. Ataomba ruhusa hata ya maji ya kunywa. Atailiza kengele kwa aibu, kisha atanyamaza tu avumilie. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Basi nimemwambia ukweli wote. Kiberiti, binti, kadi, uongo. Akasema mganga hajigangi, na kuna wachonga funguo wanaojifungia nje. Nilistahili. Kisha akauliza fomu nilijazia wapi. Hapa mezani. Nani alikuwepo? Meneja tu, akisimulia utoto wake kama kawaida yake, na mimi sikunyanyua hata kichwa.

Tukatazamana.

Nilihitaji uongo wa haraka, na maneno yalikuwa yakimiminika palepale sikioni. Majibu yangu ya siri ni maisha ya Meneja!

Jumamosi, 9 Machi

Nimefika kwa Meneja wakati bado anapiga mswaki, maana mke wangu alizaliwa nyuma sana, hayo ya utoto wa kaka yake hayajui. Nimemwambia nataka kusikia habari za utoto wake. Akadhani nakuja kukopa. Nikaapa sitaki kitu. Akatema povu, akanitazama tena, akavuta kiti.

Alianzia kuzaliwa. Nikajaribu kumsukuma mpaka shuleni, hakusukumika. Kila nikisema "enhe, na shule?" alisema subiri, tutafika. Jua lilikuwa linapanda. Nilijua habari za surua yake, habari za baiskeli, habari za shangazi aliyekuwa akimpendelea. Mwishowe tukafika shuleni. Nikapata jina la shule. Nikapata jina la utani la rafiki yake wa dawati moja. Halafu akaingia jogoo.

Alikuwa jogoo wake mwenyewe, alimlea tangu kifaranga. Siku moja wakaja wageni, akarudi kutoka shule akamkuta sufuriani. Macho ya Meneja yalilowa. Sijawahi kumwona hivyo. Nikamshika mkono na kumwambia pole sana shemeji, kwa sababu jina alikuwa bado hajalitaja. Akasema aliitwa Brigedia.

Nikatoka mbio mpaka uani. Kinanda. Kinanda. Binti! Shule, ndiyo. Rafiki, ndiyo. Mnyama? Brigedia. Ndiyo! Aliuliza kama kweli nilikuwa na mnyama wa jina hilo. Nikamwambia alikuwa jogoo, na alikufa vibaya.

Kadi imefunguka. Meneja mwenyewe ametupeleka na pikapu. Msichana wa kaunta alipoipitisha nilifumba macho. Imekubali! Nikamwomba aliseme tena kwa sauti ileile ya Jumatano.

Mke wangu ametandika, akakandamiza godoro kwa viganja vyote viwili, halafu akaniita mume wangu. Mbele ya kaka yake.

Jumapili, 10 Machi

Mama amefika. Tumemlaza. Alijigeuza kidogo, akasema baba, hiki ndicho kitanda. Nimekuwa baba! Kisha akaomba maji bila kuomba radhi, na mke wangu akaenda kuyaleta akitabasamu peke yake. Nimefurahi mpaka nikatoka nje kidogo, nikajifanya natazama kitasa cha mlango.

Meneja ameleta kengele hata hivyo. Hakuondoka mpaka jioni. Anasema katika ukoo mzima hakuna anayejua kusikiliza isipokuwa mimi. Bado hajanisimulia ujana wake. Atakuwa anapita kila siku akitoka kazini.

Jumatatu, 11 Machi

Binti wa benki amepiga, maana namba yake nilikwisha kuifungulia. Nimepokea mara moja, kwa heshima. Alisema kwa yaliyotokea, nichague majibu mapya ya siri. Akanishauri, kama dada anavyomshauri kaka, kwamba safari hii nijibu ukweli tu, maana ukweli hauhitaji kukumbukwa. Nikamwambia amenena. Nimejifunza, nikamwambia. Alifurahi sana.

Akauliza shule yangu ya kwanza.

Nikatazama dirishani. Kuna mtu alikuwa anapita, sijui ni nani. Chumba cha pili Mama mkwe alikuwa akimsimulia mke wangu mambo ya usichana wake, shule yao, shoga yake, na paka fulani. Sauti ilikuwa inapenya ukutani vizuri kabisa.

Nimejibu yote matatu bila kusita. Binti akanishukuru. Siyaandiki hapa. Hakuna mwizi duniani atakayeyajua, na hilo la paka limeshaanza kunitoka, lakini litarudi lenyewe.

Kesho namnunulia Mama kiti cha kuegemea, kile kikubwa cha dirishani kwenye duka la samani. Meneja ataleta pikapu. Safari hii sitaki aibu, kwa hiyo asubuhi nitapita madukani kuijaribu kadi kwanza. Nitaanza na kiberiti.