Kijiti cha Meno Kwenye Mkanda wa Bernadine

Duane Hruska alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa kazi. Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, mji wa Hamtramck mzima ukinukia samaki wa kukaanga, alikuta gari la rangi ya maziwa kwenye maegesho ya kanisa, karatasi ya LINAUZWA imebandikwa kiooni. Ndani alikaa bibi mmoja mwenye kilemba cha sufu. Bibi alifunga mlango, akazungusha ufunguo kidogo asikilize redio, na mkanda wa usalama ukateleza wenyewe kwenye reli juu ya dirisha hadi ukamkumbatia begani. Magari ya mwanzo wa miaka ya tisini yalikuwa na adabu hiyo.

Mfukoni Duane alikuwa na dola mia nne, mali yake yote duniani. Dada yake, aliyemlaza kochini tangu Krismasi, alikuwa amemwambia wazi: Jumapili nisikukute. Gari hili likinunuliwa kwa bei ya kutupa na kuuzwa kwa bei yake, lingezaa kodi ya chumba. Mungu humpa kila mja riziki yake; Duane alipenda tu kumrahisishia kazi.

Bibi alipoingia ukumbi wa kanisa kujipanga foleni ya samaki, Duane alichomoa kijiti cha meno alichokichukua kwenye meza ya mlangoni. Gari halikufungwa, maana nani hufunga gari kanisani? Akakisukuma kijiti ndani ya reli, akajivika shati la mtumba lenye jina STAN kifuani, akangoja.

"Mama, gari lako hili?" akamwuliza bibi aliporudi. "Nimepita tu, mimi fundi wa mikanda. Hebu keti uzungushe ufunguo."

Mkanda uliguna, ukasogea shubiri moja, ukakwama.

"Yesu na Maria!" Bibi Bernadine Wozny alishika shavu. "Asubuhi ulikuwa mzima, Stan!"

"Ndivyo inavyoanza. Siku nyingine unarudi kwa kasi, unamkaba mtu shingo. Mnunuzi akikabwa, mama, hakuburuzi mahakamani wewe?"

"Watachukua nyumba yangu?"

"Na mapazia."

Bibi akajifuta macho, ingawa Duane hakuona chozi. "Karatasi inasema elfu moja na mia mbili. Wewe ungetoa ngapi, mwanangu?"

"Kwa huruma, mia nne. Tena naumia. Injini yenyewe ikoje?"

"Injini? Haijanisumbua hata siku moja tangu Novemba. Fungua boneti uangalie."

Duane aliitazama boneti. Ukweli ni kwamba hakujua hata kinachokaa chini yake, na Stan anayefungua boneti huenda akaombwa ataje vitu majina. "Mama, mimi nakuamini," alisema.

Waliandikiana hati ya mauzo juu ya boneti hiyohiyo, na bibi akaongeza kwa mkono wake: *limeuzwa kama lilivyo*. Akatia mia nne kifuani, akarudi ukumbini polepole, goti likimsumbua.

Duane alichokoa kijiti, akaketi, akafunga mlango, akazungusha ufunguo. Mkanda ukaja mbio, laini, ukamkumbatia. Redio ikaimba. Akazungusha tena hadi mwisho. Kimya. Akazungusha mara tisa, kisha akatoka akafungua boneti.

Mlikuwa na betri, mpya kabisa. Kando ya betri mlikuwa na shimo, na kupitia shimo aliiona lami ya kanisa.

Akaingia tena garini na kuketi, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuketi. Mkanda ukamkumbatia tena. Hapo moyo ulimuuma kweli, si kwa mia nne tu, bali kwa lile goti alilolionea huruma.

Dirisha liligongwa. Bibi Bernadine alishika sahani ya samaki, viazi na kabichi.

"Mpwa wangu aliitoa injini Novemba, kisha akanivutia gari hadi hapa," alisema. "Ijumaa tatu nimekaa humu nikichezesha mkanda watu wauone."

"Uliniona nikiweka kijiti?"

"Nilikuwa dirishani, kwenye foleni. Mwanangu, miaka ishirini na mitatu kwenye kiwanda cha magari nimefunga mikanda hiyohiyo. Mji huu kila bibi alikuwa kiwandani, hukuuliza?" Akamwekea sahani mapajani. "Kula kabla haijapoa. Liondoe hapa kabla ya Jumapili, padri hataki magari mabovu."

Kando ya samaki alikuwa amemwekea kijiti cha meno kipya.