Ombi la Kupunguziwa Ubora wa Hedifoni

Kwa Meneja,
Duka la Vyombo vya Sauti,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu.

Ndugu Meneja,

YAH: HEDIFONI ZENU ZINAFANYA KAZI KUPITA KIASI

Nakusalimu kwa heshima zote na kukutakia biashara njema, ingawa kwa barua hii nakusudia kukuharibia siku kidogo.

Jina langu huenda hulijui, lakini sura hujaisahau. Mimi ndiye yule fundi bati aliyekuja dukani kwako wiki tatu zilizopita akiwa na kipande cha bati kwapani na nyundo mfukoni. Nilikuja kumchagulia mke wangu zawadi. Amestaafu. Kwa miaka thelathini amefundisha darasa la kwanza, na aliyewahi kupita karibu na darasa la kwanza saa za mapumziko anajua nazungumzia nini. Akitoka huko alikuwa akirudi kwangu, ambako jiko lake na karakana yangu ya masanduku vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Mchana watoto, jioni nyundo. Hakulalamika hata siku moja, nami nikadhani anapenda.

Siku ya kumuaga, mwalimu mkuu alisimama akasema kuwa mwenzetu sasa anakwenda kupumzika katika utulivu wa nyumbani kwake. Ukumbi mzima, wakiwemo majirani zangu, ukageuka kunitazama mimi. Ndipo nikaamua nimnunulie hedifoni, tena si zile zinazoning'inizwa sokoni, ambazo sikio moja hufa kabla ya wiki. Nilitaka za maana, kwa kuwa maishani mwake hajawahi kuwa nazo.

Muuzaji wako, yule dada mwenye miwani, alinieleza habari za besi, yaani mlio mzito wa muziki, za mito ya masikio, na za kitufe cha kuzima kelele. Akataka kuniwekea muziki. Nikamwambia, dada yangu, bati halichaguliwi kwa rangi, linagongwa. Nikavaa hedifoni za kwanza, nikalaza bati langu juu ya kaunta na kuligonga. Nikasikia kila kitu. Za pili, nikasikia kama jirani ndiye anayegonga. Za tatu, kama jirani mwenye adabu. Za nne, niliiona nyundo ikishuka na sikusikia ila pumzi zangu. Nikagonga mara tatu zaidi ili kuwa na hakika. Dada alikuwa akipunga mikono na kusema kitu, nikadhani ananipongeza kwa kuchagua vizuri. Nilipozivua ndipo nikajua kuwa wateja wote wameshuka ngazi, na muuza viatu wa chini amepanda kuuliza kama jengo linabomolewa.

Kwa hilo naomba radhi. Kwa mengine yote mkosaji ni bidhaa yenu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Hasikii. Siku ya kwanza alizivaa, akabonyeza kitufe, akafumba macho, uso ukalegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyobana. Nilifurahi sana, kwa dakika kumi hivi. Kisha nikamwita anipe tepu ya kupimia niliyoiacha jikoni. Kimya. Nikaita tena. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa nimekuwa nikiuita ukuta ule nao unanijibu, "Haya, nakuja." Sasa ukuta umekuwa ukuta tu. Tepu nilikwenda kuichukua mwenyewe, mtu mzima na ndevu zangu.

2. Anaimba. Sijui kama kiwandani walilifikiria hili. Anaimba kwa sauti ileile ya kufundishia, nyimbo nzima, mwanzo hadi mwisho. Wateja wanaofuata masanduku yao wanasimama kumsikiliza. Mmoja aliniambia, "Fundi, hebu acha kugonga kidogo, ubeti huu ni mtamu." Ndugu Meneja, nanyamazishwa katika karakana yangu!

3. Ugomvi wetu umekufa. Sisi ni watu wa ndoa, tulikuwa na ugomvi wetu mdogo wa kawaida kuhusu vipande vya bati vinavyofika hadi kwenye bustani yake ya mboga. Juzi nilipoanza kueleza upande wangu, alinitazama kwa upole, akazipandisha hedifoni kutoka shingoni hadi masikioni, akaendelea kuchambua mchele. Nikabaki na hoja zangu saba, zote nzuri. Mtu huwezi kumshinda asiyeshindana nawe, na ubaya zaidi ni kwamba hata kushindwa huwezi.

4. Ugonjwa umeenea mtaani. Siku ya pili tu, mke wa seremala alizijaribu kwa muda wa kunywa chai. Akarudi kwake akamwambia mumewe, "Na mimi ninunulie za kukuzima." Mke wa fundi pikipiki akapata habari, kisha mke wa mwenye mashine ya kusaga. Wiki iliyopita waume wote watatu walinijia, wakaketi juu ya masanduku ambayo rangi yake haijakauka, jambo ambalo kwao ni adhabu ya kutosha. Mwenye mashine ya kusaga akasema kwa uchungu, "Fundi, umetuchongea. Kila mtu alikuwa na kelele zake, na hakuna mwanamke aliyejua kuwa zinazimika." Wanasema debe tupu ndilo linalovuma, na mimi ndiye niyatengenezaye hayo madebe.

Fikiria mbele kidogo. Leo ni wake wa mafundi. Kesho watazivaa walimu, na watoto watakosa wa kumsemea nani kampiga nani. Keshokutwa zitafika maofisini, na wakubwa watakaa na kitufe kimebonyezwa huku wananchi tukieleza shida zetu mbele yao. Ingawa hapa seremala anasema kuwa hao wamezivaa siku nyingi.

5. Hili ndilo lililoniketisha kuandika. Jumatatu, mama mmoja alinirudishia sanduku la mwanawe wa shule ya bweni. Kifuniko kimepinda. Katika kazi yangu yote sanduku halijawahi kurudi. Nililizunguka nikitafuta wa kumlaumu, na nilipompata sikupenda jina lake.

Nikueleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Mke wangu hajawahi kushika nyundo, lakini kutoka upande wa pili wa ukuta alikuwa akisema, "Hiyo ribiti haijakaa," nami nikiutazama ule msumari wa kuungia bati, kweli haujakaa. Au alisema, "Umechoka wewe, njoo unywe maji," na hapo ndipo mikono ilinikumbuka na kuanza kuuma. Alijua kwa mlio tu. Nilikuwa nikijiita fundi, kumbe nusu ya ufundi ilikuwa jikoni ikichambua mchele. Naona haya kuandika, lakini nitaandika: nina upweke. Nagonga kutwa nzima na hakuna anayenisikia. Zawadi hii niliichagua kwa mikono yangu mwenyewe, na niliichagua kwa kipimo cha kunizima mimi.

Kwa sababu hizo, naomba ofisi yako izipunguze ubora. Sitaki fedha zangu, na siombi ziharibiwe kabisa, mimi si mkatili. Naomba litobolewe tundu moja upande wa kushoto, lenye upana wa ribiti, lipitishe nyundo moja tu, yangu, bila kuruhusu pikipiki wala mashine ya kusaga. Ningelitoboa mwenyewe, vifaa ninavyo, ila nimesoma kwenye karatasi ya dhamana kuwa zikifunguliwa tu, dhamana imekwisha. Kama tundu haliwezekani, basi kitufe kihamishwe mahali ambapo hakibonyezeki bila mashauriano ya pande mbili.

Naamini utalitazama suala langu kwa jicho la mtu mwenye ndoa, au mwenye nia ya kuwa nayo. Nisalimie dada mwenye miwani na umwambie kaunta nitakuja kuinyoosha bure. Msalimie mlinzi wa mlangoni, muuza viatu, na wateja wote walioshuka ngazi siku ile, kwa kuwa sikupata nafasi ya kuwaaga.

Ni mimi, mteja wako anayegonga,

Fundi Bati

Baada ya kuandika (barua imekaa wiki moja bila kutumwa): Nilipokuwa natafuta bahasha, mke wangu aliikuta barua hii mezani, akaisoma yote, akasahihisha makosa manane, na kunieleza yafuatayo.

Siku mbili za kwanza kweli hakusikia kitu, na anakushukuru. Siku ya tatu chaji iliisha. Waya wa kuchaji uliokuwemo ndani ya boksi nilikuwa nimeuona mzuri, nikafungia fungu la mifereji ya maji, na mteja akaondoka nao. Tangu hapo hedifoni hazijawaka. Amekuwa akizivaa hivyohivyo kwa sababu, kwa maneno yake, "Mwenye kitu masikioni hatumwi."

Kumbe nilipomwita siku zote zilizofuata alinisikia. Hoja zangu saba alizisikia, na anakiri kuwa mbili zilikuwa za kweli. Aliimba bila muziki wowote, kwa kuwa alitaka kuimba. Na kifuniko kile alikisikia kikipinda, pigo kwa pigo. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia. Akasema, "Mume wangu, mimi nimekusikiliza miaka ishirini na sita. Wewe umenisikiliza lini?"

Nilikaa. Nilitafuta hata siku moja ya kumtajia, Ndugu Meneja, na sikuipata.

Kwa hiyo yafute malalamiko yote, namba moja hadi tano, na hedifoni zibaki na ubora wake. Naomba tu waya mwingine wa kuchaji. Ila usiharakishe kuutuma. Tangu siku ile, kila siku saa nane hadi saa kumi naacha kugonga, nakaa naye jikoni, na bado hajafika hata nusu ya anayotaka kunieleza.