Kompyuta Ishirini Zisizo na Masikio

Jumatatu, 3 Machi

Zimefika! Kompyuta mpakato ishirini, mpya, nyembamba kama biskuti. Nimezichagua mwenyewe, kwa macho yangu haya. Muuzaji alinionyesha na aina nyingine, nene, nzito, bei ileile. Nikamwambia hiyo akazuilie mlango. Sisi ni kampuni ya magodoro. Kila kitu chetu ni kinene. Angalau kompyuta ziwe na kiuno.

Mama Mkurugenzi kaibeba yake kwa vidole viwili. Kasema hajawahi kupata afisa ugavi mwenye jicho kama langu. Mbele ya watu!

Msumari alikuwepo. Msumari ni mtunza ghala: mrefu, mwembamba, na akikuegemea unachomwa. Kiti cha Mkuu wa Ugavi kiko wazi tangu mwenyewe alipostaafu, na tunaokitaka ni wawili, mimi na yeye. Kaigeuza kompyuta yake juu chini, kaichungulia pembeni, kaguna. Hakusema kitu. Wivu tu.

Jioni mke wangu kauliza kama nilizijaribu kabla ya kununua. Nikasema niliziwasha, zikawaka. Akauliza, halafu? Nikasema halafu zikazimika. Alitaka nini zaidi?

Jumanne, 4 Machi

Balaa!

Leo mkutano wa kwanza kwa video. Ofisi, duka la mjini, ghala na kiwanda, kila mtu mezani kwake. Picha safi ajabu. Nimeona hadi chunusi ya Msumari. Mama Mkurugenzi akafungua mkutano. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka. Kimya. Mkuu wa duka akajibu. Kimya. Sote tukawa samaki ndani ya tangi la kioo. Mpokea wageni aliamua kuongea na kamera kwa karibu, tukaona koo lake lote mpaka kule nyuma.

Nikakimbilia msalani na kompyuta chini ya shati (hapo ndipo wembamba unaposaidia). Nikatafuta tundu la kuingizia sauti. Nikaliona, dogo, upande wa kushoto! Nikajua limeziba, nikalichokonoa kwa pini ya tai. Kompyuta ikazimika, ikawaka na lugha nisiyoijua.

Nikampigia muuzaji. Akasema bila hata kukohoa kwamba aina hiyo haina maiki ndani. Kamera ipo, spika ipo, maiki hamna, ndiyo maana ni nyembamba. Nikamuuliza ni binadamu gani anayetengeneza kompyuta yenye macho na mdomo akaiacha bila masikio. Akasema ni yule aliyejua nitakuja kuinunua. Kisha akasema nisihangaike, ninunue hedifoni zenye maiki yake, nichomeke, kazi imekwisha.

Rahisi kwake! Nikiomba hedifoni ishirini, Mama Mkurugenzi atauliza za nini. Nikimjibu, kiti kinakwenda ghalani.

Nimeinamia sinki nikafikiri. Nikapata! Nimewatumia wote ujumbe: kimya cha leo kilikuwa cha makusudi. Washindani wetu wanatusikiliza, wanataka siri za sponji. Kuanzia sasa tutafanya Mkutano wa Kimya. Ishara, karatasi, uso. Neno "kimataifa" nimeliweka mara mbili.

Wamekubali! Mama Mkurugenzi kajibu kwa dole gumba. Msumari kajibu kwa picha ya mtu anayecheka mpaka machozi. Sijui ana furaha gani.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi, isipokuwa jambo moja dogo.

Mama Mkurugenzi kainua karatasi: MAUZO? Mkuu wa duka kapepesa kiganja, hivi hivi. Basi, ripoti imekwisha! Fundi wa kiwandani kaigiza mashine iliyokwama, mwili mzima, mabega, magoti, mpaka akajigonga kwenye kabati. Tukajua ni mashine ipi. Mkutano ambao kwa kawaida hula asubuhi yote umekwisha chai yangu ikiwa bado inafuka.

Jambo dogo lenyewe ni hili. Katikati ya mkutano nilijikuna shingo. Msumari akaona. Akainuka pale ghalani akakata kwa nusu magodoro yote ya ile hoteli mpya. Nilimpigia simu nusura nizimie. Akanijibu kwa upole:

"Si ulipitisha mkono shingoni, bosi? Nikajua umesema kata."

Hilo neno "bosi" alilitema kama mbegu ya limau.

Lakini nina bahati mimi! Hoteli imepokea magodoro nusu, imeyaweka kwenye vyumba vya watoto, imeagiza mengine. Mama Mkurugenzi anadhani wazo ni langu. Sijamsahihisha. Ana kazi nyingi.

Tena nimegundua raha moja ambayo sikuipanga. Kwa kuwa hakuna anayesikia, unaweza kusema chochote ili mradi uso utabasamu. Nimemtazama Mama Mkurugenzi nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba wigi lake limemkalia kichwani kama paka anayeogopa mvua. Akatikisa kichwa, akatabasamu, midomo yake nayo ikacheza. Mama wa watu! Nina hakika alikuwa ananisifu.

Sasa mkosi. Sifa zimefika kwa Mwenyekiti wa Bodi. Keshokutwa ataingia mkutanoni kutoka nyumbani kwake, anataka aliyebuni njia hii aieleze. Kwa sauti! Mzee macho hayaoni vizuri, ishara kwake ni kama nzi wanaopita.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kasema hedifoni zinauzwa pale kona, jirani na fundi viatu, niende nikanunue moja yangu. Nikamweleza kwa subira kwamba hafikirii mbali. Nikionekana na hedifoni peke yangu, wengine si watauliza kwa nini wao hawana? Akasema wakiuliza, niwaambie. Niwaambie! Mwanamke huyu hawezi kuishi ofisini hata wiki moja.

Nikamwita shemeji. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni mshereheshaji, na maiki yake ni kubwa kama mchi. Akaja nayo, na spika mbili, na waya mnene wa kufungia mbuzi. Pini yake haikuingia kwenye tundu la kompyuta. Haikukaribia hata kuingia. Shemeji si mtu wa kushindwa, akaifunga maiki juu ya kompyuta kwa gundi ya karatasi, akasema ukaribu nao unasaidia. Kisha akawasha spika apime sauti. Mtaa mzima ukatangaziwa kwamba shemeji yake mpendwa, yuko hapa nasi, kompyuta yake haina maiki, tumpigie makofi.

Makofi yakapigwa. Nyumba ya tatu walipiga na vigelegele. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akaniomba nisimsemeshe.

Nilitoka nje kujificha, simu ikaita mfukoni. Hapo hapo nikapata! Simu! Simu ina maiki! Mkutano unaingilika hata kwa simu. Uso wangu utoke kwenye kompyuta, sauti yangu itoke kwenye simu, na simu nitaificha ndani ya mto. Mito ndiyo kitu pekee ambacho hakuna atakayeuliza kinafanya nini ofisini kwetu.

Tumejaribu na shemeji. Kazi safi. Sauti inatoka laini kidogo, kama ya mtu anayechumbia, lakini inasikika.

Mke wangu kauliza kama kununua hedifoni kungekuwa kazi zaidi ya kupasua mto. Nilikuwa natafuta sindano ya kushonea.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

Nilikaa kwenye chumba cha sampuli, magodoro nyuma yangu, mto mapajani, simu ndani ya mto. Simu ilitaka jina la kuingilia, nikaiita Mfumo. Mfumo ukaingia mkutanoni. Hakuna aliyeuliza. Watu wanaheshimu sana mfumo.

Mwenyekiti akatokea. Yeye kompyuta yake ni ya zamani, nene, inasema na kusikia. Mzee ana nyusi nyeupe zimesimama. Akanikaribisha nieleze. Nikaeleza! Nikataja siri za sponji, nikataja kimataifa, nikataja muda tuliookoa. Mzee akasema nimesema vizuri, na sauti yangu ina upole usio wa kawaida kwa vijana wa leo. Mama Mkurugenzi akaweka mkono kifuani. Uso wa Msumari ukasawijika. Nilikiona kile kiti kabisa, nikaona na mto wake.

Kisha Mama Mkurugenzi akaashiria maonyesho ya mkutano wenyewe yaanze. Wote wakaanza ishara. Na mimi, kwa mazoea, nikatabasamu nikaanza kujisemea.

Nikasema mtazameni mzee wa watu, nyusi kama miswaki miwili. Nikasema Msumari naye anacheka kama sahani iliyopata ufa. Nikamsalimia yule paka wa kichwani kwa Mama Mkurugenzi, nikamuuliza kama mvua imekatika. Nikasema nyie wote mnanisifu, na kompyuta zenyewe nimewanunulia bila maiki, na hakuna hata mmoja aliyegundua, aisee, Mungu kanipa wafanyakazi wenzangu wa kunitosha.

Zile nyusi zikapanda. Ishara zikasimama. Fundi wa kiwandani alibaki mguu mmoja juu. Nikadhani mtandao umekwama. Nikauliza, kwa tabasamu, kulikoni mmeganda hivyo, mmeona jini?

Mwenyekiti akasogea karibu na kamera yake.

"Kijana," akasema polepole, "mto wako unasikika."

Nikaukalia. Hilo lilikuwa kosa. Walichosikia baada ya mimi kuukalia sitakiandika hapa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeitwa ofisini, siku ya mapumziko. Msumari alikuwa amekwisha kaa.

Nilikuwa nimeandaa maelezo yanayoanzia kwenye mtandao. Mama Mkurugenzi hakuyataka. Aliniuliza jambo moja tu, kama kweli wigi lake linafanana na paka. Nikasema ni paka mzuri. Aliyetunzwa.

Nikahesabu vigae vya sakafuni. Kisha akacheka! Kicheko cha kuegemea meza.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Na mimi nilikuwa nawasema. Wote! Siku ile unanitabasamia, nilikuwa nakwambia una akili ya foronya. Nimelala usingizi mtamu siku hizi, mpaka mume wangu kaniuliza kama naumwa. Sasa umeniharibia."

Msumari naye akakiri kwamba alikuwa anaimba. Nikauliza anaimba nini. Akasema jina langu, kwa sauti mbalimbali.

Nikaona mambo yamekuwa mepesi, nikacheka nao. Nikawa nacheka peke yangu. Mama Mkurugenzi akafuta macho akasema kiti cha Mkuu wa Ugavi amepewa Msumari. Nibaki afisa, chini yake. Msumari ndiye atakayechagua hedifoni.

Nilipotoka nilimuuliza Msumari mlangoni, alijua lini? Akasema tangu Jumatatu, alipoigeuza ile kompyuta.

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione utafika wapi," akasema. "Sikutegemea mto."

Nyumbani mke wangu hakuniambia kwamba alinionya. Angesema ningepata la kumjibu. Alinimiminia chai, akaweka kwenye sahani, pembeni ya kikombe, hedifoni moja nyeusi, mpya, yenye maiki yake. Alikuwa ameinunua tangu Alhamisi.

Nikasema siihitaji. Akaniacha nayo, akaenda kuanua nguo. Nikakaa nikaitazama mpaka chai ikapoa. Nilijisikia mdogo sana, kwa muda wa karibu kikombe kizima.

Jumatatu, 10 Machi

Hedifoni zimefika. Kila mtu kichwani, kila mtu anasikika. Kampuni nzima imerudi kuongea, na hakuna anayeonekana kufurahi. Fundi wa kiwandani alieleza ile mashine kwa maneno, sikumwelewa hata kidogo.

Msumari amehamia ofisini, meza yake imeungana na yangu. Kaongoza mkutano. Kaongea juu ya kupanga magodoro kwa wima. Kisha juu ya kuyapanga kwa ulalo. Kisha akasema ana mambo machache ya kuongeza. Asubuhi yote imeliwa, chai imeganda, na yeye bado anaongeza.

Nikainama kuokota kalamu. Nikaona! Nyaya za hedifoni zetu mbili zimeangukia nyuma ya meza, zote nyeusi, zimepitana, moja inapanda kulia, nyingine kushoto. Moja ni yangu, moja ni ya Msumari. Mtu akinyoosha mguu, na dole gumba la mguu likawa limetoka kwenye kiatu kwa bahati mbaya, anaweza kuuchomoa kimya ule waya wa mwenzake, na mwenzake akadhani ni mtandao. Nani atamshuku dole gumba?

Nilivuta wa kulia. Taratibu, kiungwana. Ukachomoka.

Msumari akaendelea na ulalo.

Mama Mkurugenzi akaniuliza maoni yangu. Nikampa, marefu, yenye busara kubwa, pengine ndiyo maneno bora niliyowahi kusema katika kampuni hii. Akasogea karibu na kioo, akakunja uso, akasema anaona midomo tu.

Kesho nitavuta wa kushoto.